Pimbi wa Pasiansi

Pasiansi,
Mwanza.
25 Machi 2024.

Mpendwa dada Kemilembe,

Shikamoo. Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kuwa mchicha wangu wa tuta la pili hatunao tena. Marehemu ameacha mabua na mkulima mmoja mnene.

Sasa tusalimiane kama watu. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze? Migomba imesimama? Sisi ni wazima, isipokuwa mkono wangu wa kulia. Mwandiko huu, mwalimu, usiutie kalamu nyekundu.

Waliokula mchicha ni pimbi wa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, lile ulilosema limenuna kama marehemu baba. Walikuwepo kabla yangu, lakini mimi nina hati ya kiwanja, wao hawana. Jumanne ya tarehe 12 asubuhi, mama yao alipotoka kuota jua, nikaziba ufa wao kwa saruji. Nikajipongeza kwa chai. Sikujua ndani mna watoto.

Jumatano asubuhi mama alikuwa juu ya jiwe analia, na ndani wanamjibu. Nikabomoa saruji kwa nyundo, nikaingiza mkono hadi begani, nikashika kitu cha manyoya, chenye joto. Hapo nikanasa. Ngumi yenye mtoto ndani haipiti, na kuachia sitaki. Nimelala kifudifudi juu ya mchicha uliobaki, jua linapanda, jiwe linachemka, wifi yako Kokulinda ananinywesha uji kwa kijiko.

"Achia, baba Princess."

"Nikiachia atakufa."

Jirani yetu Ndalahwa akaja na mafuta ya kula, akainama kutazama. "Mwenzako yuko kwake, bwana. Aliyenasa ni wewe. Sasa hapa pimbi ni yupi?"

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikuweza hata kugeuza shingo niwaone ni akina nani.

Saa tano nikaachia. Mkono ukatoka umechunika hadi kiwiko. Tukasogea mbali, mama akashuka, wakatoka watatu wakimfuata. Tangu siku hiyo mtaani naitwa Pimbi.

Msalimie shemeji Revocatus na wajukuu wote. Ufa uko wazi. Mchicha nimeuhamishia upande wa barabarani.

Kabla sijafunga bahasha, dada. Kwenye simu nilikuambia niliteleza nikimwagilia. Haikuwa hivyo, na hata haya ya hapo juu nimeyalainisha. Sikuwasikia Jumatano. Niliwasikia Jumanne jioni. Nikajiambia ni ndege, nikaongeza sauti ya redio, na Kokulinda aliponiuliza kinacholia ni nini, nikamwambia ni ndege.

Na hawakuwa watatu. Wa nne nilimvuta kwa fimbo kesho yake, peke yangu, nikamfukia kwenye tuta la pili. Hapo sijapanda kitu.

Mungu akupe nguvu za goti, na mimi anipe masikio.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Rwehumbiza