Nguva wa Athmani

Kwa dada yangu Mwanaisha,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nimeona niandike kwa kalamu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, nami nikikatizwa husahau nilikokuwa nakwenda. Nitampelekea Saumu mwanao picha za karatasi hizi, azichapishe kwa herufi kubwa pale dukani Bondeni, kisha akusomee. Saumu, soma kama nilivyoandika. Ukifika penye habari za daktari usipunguze sauti wala usiruke. Mama yako atajua.

U hali gani, dada? Magoti yakoje, na lile jicho ulilofanyiwa upasuaji, limetulia? Nakufikiria ukiwa chumba cha juu, dirisha limeegeshwa, huna udi wala asumini, na tuktuk zikipita chini kana kwamba hakuna aliyekufa. Nasikia Bi Rehema ndiye anayekuletea uji kila asubuhi. Mwambie namshukuru, na najua uji wake hauna sukari ya kutosha, lakini unywe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Saumu alinipigia Alhamisi.

"Mjomba, mama keshaamua kuja huko," alisema. "Sanduku liko mlangoni. Amemuuliza sheikh, na sheikh amesema kwa ndugu mgonjwa huenda pakawa na nafasi ya kutoka eda."

Kabla sijajibu nikasikia sauti yako nyuma yake: "Mwambie asinibishie. Mimi si mtoto."

Sikukubishia. Nilisema nitajibu, na jibu ndilo hili: usije sasa. Kaa eda yako mpaka iishe. Ukasirike ukitaka, lakini msikilize Saumu mpaka ukurasa wa mwisho.

Lazima nianze na mashua. Nilipowaalika wewe na marehemu mumeo Athmani mje mkae nami msimu huu wa baridi, niliwaambia mje mpumzike. Sikuwaambia nilichokuwa nikikipanga. Si mbali na ninapokaa, huku kusini mwa Florida, kuna nchi ambayo si ya maji wala si ya ardhi. Ni kama mto usio na kingo, maji yakitambaa taratibu chini ya majani marefu yenye makali, mpaka upeo wa macho. Ukielekea baharini majani yanakwisha na mikoko inaanza. Siku ya kwanza nilipopelekwa huko, miaka mingi iliyopita, nilinusa tope nikatamani kulia. Ilikuwa harufu ya Tudor maji yakiwa yametoka.

Na katika miezi ya baridi, wakati bahari inapopoa, nguva huingia kwenye mifereji ya huko kutafuta joto.

Umeshaelewa. Lakini acha niieleze habari yote, kwa ajili ya Saumu, ambaye ameikuta kama mzaha tu. Saumu, babako alikuwa kijana bado hajaoa, na Jumamosi alikuwa akienda Tudor kutafuta kaa kwenye mikoko. Siku moja alirudi na shati limelowa mpaka kifuani, akaja moja kwa moja barazani kwa Hamisi, pale tulipokuwa tukinywa kahawa.

"Nimemuona nguva," alisema. "Kwa mato yangu haya."

Hamisi hakuinua hata uso. "Alikuwa na nywele ndefu?"

"Sikuona nywele."

"Aliimba?"

"Hakuimba. Alipumua. Tundu zake za pua zafunguka, kisha zajifunga, kama zina vifuniko."

"Vya birika au vya sufuria?" Hamisi akauliza, na baraza zima likaangua kicheko, mimi nikiwa miongoni mwao.

Tangu siku hiyo akawa Athmani Nguva. Marikiti walimwita Nguva, msikitini walimwita Nguva baada ya kutoa salamu. Siku ya harusi yenu, alipokuwa akiingizwa ndani, mtu alisema kwa sauti kutoka barabarani, "Leo nguva kanaswa," na yeye mwenyewe akacheka mpaka kofia ikamtoka. Jina limezeeka naye. Wajukuu wanalitumia bila kujua lilikotoka. Wewe peke yako, Mwanaisha, hukuwahi kumwita hivyo, na nadhani ndiyo maana alikuposa.

Kwa hiyo nilitaka kumketisha Athmani mbele ya mashua, ninyamaze, nimwache aone, na wewe umwone akiona.

Nilimpata nahodha mmoja mwanamke, Marisol, mtu wa makamo ambaye babake alikuja huku kutoka visiwa vilivyo kusini mwa huku. Wengi wanaotembeza wageni hutumia mashua zenye pangaboi kubwa nyuma, zinazonguruma kama malori ya Shimanzi. Ya Marisol ni bapa, ina paa la turubai, na mota yake ni ya umeme, huisikii. Nilikwenda kwake mara kadhaa kupanga. Nilimuuliza kuhusu ngazi, kwa sababu ya magoti yako. Nilimuuliza kuhusu choo. Nilimwambia tutahitaji kusimama adhuhuri tuswali, akaniambia kuna jukwaa la mbao katikati ya maji, limeezekwa kwa makuti, linatosha watu sita. Tulilipima kwa ramani mpaka tukajua kibla kiko upande gani. Kilichotugombanisha ni mahamri.

"Chakula hapana, mzee," alisema. "Mamba hajui tofauti ya mkate na mkono."

"Dada yangu hapandi chombo bila chakula. Hata kuvuka feri ya Likoni hubeba."

"Basi mtakula jukwaani, mkimaliza mnafunga kila kitu. Kikianguka kipande kimoja, nawarudisha."

"Akikurushia wewe hamri moja, utaturudisha?"

Akafikiri. "Inategemea ladha."

Habari ya Athmani ilinikuta nikiwa nimelala kwenye mashine ya kusafisha damu, mkono mmoja umefungwa mirija, simu nikiishika kwa mwingine. Sikuweza hata kuinuka. Muuguzi alidhani naumwa, akaanza kuangalia mitambo. Nilipotoka nilimpigia Marisol kumwambia safari imekufa. Akasema, "Siku ile nimeshakuwekea wewe. Njoo peke yako, mzee. Maji yapo."

Nilikwenda, dada. Sikukwambia kwa simu.

Asubuhi ilikuwa na ubaridi na hapakuwa na mbu. Tulipita kwenye majani, tukaona yangeyange wamesimama kila mmoja na kivuli chake, na mamba akiota jua amefumba macho. Kisha mikoko. Mkoko wa huku unasimama juu ya mizizi yake kama wa kwetu, na mti wa mchu unatoa vile vidole topeni kama wa kwetu, na kwa kitambo nilikuwa kijana ninayeogopa mama atauliza matope haya umeyatoa wapi. Marisol akazima mota. Akanyoosha kidole tu.

Niliona kitu cha rangi ya kijivu chini ya maji, kikubwa kuliko mlango wa nyumba yako. Kilipanda polepole. Uso ukatokea juu ya maji, uso wa mzee asiyejali, wenye ndevu ngumu. Juu yake tundu mbili za pua zilikuwa zimezibwa kabisa. Zikafunguka. Akapumua, sauti kama mtu aliyetua mzigo. Kisha zikajifunga, moja na mwenziwe, kama vifuniko.

Mwanaisha, najua nguva wa huku si yule wa kwetu. Huyu mkia wake ni wa duara kama upawa, wa kwetu umegawanyika kama wa pomboo. Kumwona yeye Florida si ushahidi kwamba kuna mtu aliyemwona mwenzake Tudor. Lakini hadithi za nguva tulizosikia sote ni za nywele na matiti na kuimba. Hakuna aliyetuambia habari za pua. Jambo lile hulijui mpaka uwe karibu naye kiasi cha kusikia pumzi, na Athmani alilisema siku ile ile, shati likidondoka maji, akachekwa, na hakulibadilisha hata neno moja maisha yake yote.

Nikageuka nimwambie mtu. Alikuwapo Marisol tu. "Ndivyo wanavyopumua," akasema kwa upole, na kwake halikuwa jambo la ajabu. Jukwaani niliswali peke yangu. Mahamri niliyobeba sikuyala.

Sasa sikiliza kwa nini usije. Kwa sheikh sina neno, yeye ana elimu yake. Mimi nasema kama ndugu. Athmani ana haki ya kukaliwa eda miezi minne na siku kumi na mtu aliyemwamini. Na wewe nakujua. Mama alipofariki ulipika siku zote za matanga, ukafua, ukawaandalia watu mahali pa kulala, na hatukukuona ukikaa chini. Safari hii umefunga sanduku. Ukipanda ndege utakuja kunihudumia mimi, utanipikia, utanipimia dawa, na msiba wa mumeo utakungoja mlangoni mpaka urudi. Kaa nao sasa. Chumba kile bado kina vitu vyake.

Saumu, sehemu ya daktari ni hii. Amesema moyo wangu umechoka na mashine. Hakunipa tarehe, nami sikuomba. Mwanaisha, eda yako itakapokwisha, huku mvua zitakuwa zimeanza, mbu watakuwa wengi, na nguva watakuwa wamerudi baharini. Huenda mimi nitakuwapo, huenda sitakuwapo. Nimelifikiria hilo kwa siku nyingi kabla ya kushika kalamu, na ningependa kukuona kuliko kitu chochote kilichobaki. Usidhani nimeandika "usije" kwa wepesi. Ukija baada ya eda na kunikuta, tutakwenda kwa Marisol hata kama mvua inanyesha. Usiponikuta, nenda peke yako. Namba yake nimempa Saumu, na ngazi zina mahali pa kushika.

Nisalimie Bi Rehema, na umwongezee sukari kwa siri. Nisalimie mkweo na wajukuu, na yule mwanamume anayekubebea maji ghorofani, ambaye nimesahau jina lake na naona haya kuuliza kila mara. Saumu, ahsante kwa sauti yako, pumzika.

Na baada ya kumaliza kusoma, mwanangu, shuka mpaka barazani. Hamisi bado anakaa pale, nasikia siku hizi ameketishwa kwenye kiti cha magurudumu na hasikii vizuri, basi mwinamie sikioni. Mwambie vile vifuniko ni vya birika. Vidogo, vya duara, vinakaa sawasawa.

Kaka yako anayekukumbuka kila adhana,

Salim