Gurudumu la Maeve na Kanisa Lisilo na Paa

Cavan, Ireland
Jumatatu, baada ya kazi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, mwite Mama aje akae karibu, naye umpe shikamoo yangu, maana haya ninayoandika si ya kusomwa na mtu mmoja. Mguu wako unaendeleaje? Kaka Athumani aliniambia umeanza tena kwenda msikitini bila fimbo. Nikamwambia asinipoze roho, aseme kweli. Akaapa kuwa ni kweli. Alhamdulillahi. Na mvua je, imeshuka huko Korogwe au bado inaishia milimani?

Mimi ni mzima, ila mapaja yananiuma, na sababu utaijua sasa hivi. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe na simu tunakujua: unasema "eeh, eeh, vizuri" halafu unampa Mama. Jambo hili nataka ulipate lote, tena kwa karatasi. Barua anakuja nayo muuguzi mwenzangu wa Tanga anayekwenda likizo. Atamwachia Shangazi pale Segera.

Kazi yangu bado ni ileile, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza. Mwaka wa kwanza nilikuficha mengi, Baba. Majira ya baridi jua huku linazama alasiri, watu wanajifungia ndani, na mimi nilikuwa nikirudi chumbani nakaa na koti langu kitandani, sijui nianzie wapi. Kilichonitoa humo ni baiskeli kuukuu niliyoikuta inauzwa kanisani pamoja na vikombe na mapazia. Niliifungua yote, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaifunga upya. Tangu hapo kila siku ya mapumziko nikawa barabarani.

Nchi hii ni maziwa, Baba. Ukimaliza moja unapanda kilima kidogo, unashuka, unakuta lingine. Njia ni nyembamba, pande zote kuna uzio wa miti, na unaweza kuendesha saa nzima usikutane na gari, ila ng'ombe wanaokutazama kana kwamba una habari zao. Na katikati ya ukimya huo unakuta magofu: ngome iliyobaki kuta mbili juu ya kisiwa, au mnara mrefu wa mawe ambao mlango wake uko juu sana, hauufikii bila ngazi. Mzee mmoja ninayemhudumia ndiye aliyenieleza kwamba watawa wa zamani walikuwa wakivamiwa wanapanda humo, kisha wanavuta ngazi ndani. Kila nikienda kuona gofu, nikirudi nampa habari, naye ananipa kisa chake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza nchi ya watu.

Kuna mama mmoja hapa mjini, Nuala, anayepeleka wageni kutembelea maziwa kwa baiskeli, siku tatu wakilala njiani kwenye nyumba za wageni. Nimekuwa nikimsaidia kutengeneza baiskeli zake siku ninazopumzika. Alhamisi iliyopita aliteguka kifundo cha mguu, na Ijumaa wageni saba walikuwa wanafika. Akanipigia simu.

"Zaina, njia unaijua kuliko mimi. Nenda nao."

Nilimwambia mimi ni mtu wa spana, si mtu wa kuongoza watu. Akasema hana mwingine. Nikabadilishana zamu na wenzangu, nikaenda.

Wageni walikuwa wenyeji wa nchi hii hii, wa kutoka miji mikubwa. Asubuhi ya kwanza niliona macho yao, Baba. Hawakuwa wabaya, walishangaa tu. Mwalimu mstaafu mmoja, Fergus, aliniuliza kwa upole, "Na wewe umeishi huku muda gani?" Nikamjibu miaka minne. Akasema, "Basi leo tutaoneshana njia." Lakini tulipofika kwenye ule mnara nikawaeleza habari za ngazi na watawa, alisogea mbele asikie vizuri. Alitoa kijitabu akaandika.

Mmoja wao alikuwa mama wa miaka sabini na minne, anaitwa Maeve. Mwembamba, nywele nyeupe, anaendesha taratibu lakini hasimami. Jioni ya pili aliniambia kwa nini amekuja. Mumewe, Eamon, amezikwa kando ya ziwa, kwenye makaburi yaliyo ndani ya kanisa la kale lisilo na paa. Kila mwaka, Jumapili moja tu, watu wa kijiji kile hukusanyika humo saa tisa alasiri, padri anasoma majina ya waliolala pale, na kila jina linaombewa. Yeye na Eamon walikutana wakiwa vijana kwenye msafara wa baiskeli. Walikuwa wakienda kwenye sala hiyo kwa baiskeli kila mwaka. Mwaka jana, mwaka wa kwanza wa ujane, alipelekwa kwa gari, na alisema alijiona kama mgeni mbele ya kaburi la mumewe.

"Mwaka huu nafika kwa nguvu za miguu yangu," akasema. "Mwakani sijui kama magoti yatakubali."

Jumapili ilikuwa ndiyo siku yetu ya tatu. Tulikwenda vizuri mpaka saa sita na nusu. Tukiwa tunashuka kilima, gurudumu la nyuma la Maeve likaingia shimoni. Nilisikia mlio, tak, tak, nikajua kabla sijageuka. Spoku mbili zimekatika, tena upande wa gia, ambako huingizi mpya bila kufungua gia zenyewe. Ringi ikapinda, ikawa inasugua fremu, haizunguki. Kutoka pale mpaka kanisani zilibaki kilomita kumi na sita.

Kwenye mkoba wa zana hapakuwa na spoku hata moja. Kosa ni langu, nilipanga mkoba kwa haraka. Simu hazikushika mtandao. Fergus akasema, "Tuwe wakweli. Mmoja wetu arudi akatafute gari." Nilimtazama Maeve. Alikaa kwenye ukuta wa mawe, akavua kofia yake ya baiskeli, akaiweka mapajani kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Baba, hapo nilikusikia. Unakumbuka yule mzee wa Mkata aliyeleta baiskeli yake ya kubebea mahindi, na wewe huna spoku wala mashine ya kufungulia gia? Ulichomoa spoku mbili kwenye gurudumu la mbele, pande tofauti, ukasema gurudumu la mbele ni jepesi, linaweza kuazima. Kisha ukakata kichwa cha spoku, ukakunja ncha iliyokatwa kwa koleo kama ndoano, ikaingia bila kufungua gia. Nilikuwa nimekushikia fremu, nikadhani unafanya ubahili. Kumbe ulikuwa unanifundisha.

Niliipindua baiskeli yangu mwenyewe, nikachomoa spoku mbili za mbele.

"Sasa na yako itaharibika," Fergus akasema.

"Haitaharibika. Itakuwa na njaa kidogo."

Nikakata, nikakunja. Ya kwanza niliikunja vibaya, ikateleza. Wale sita wengine walikuwa wamenizunguka wakitazama. Nikaikunja tena, kwa pembe ya jiwe safari hii, ikashika. Ya pili ikafuata. Kisha nikaanza kunyoosha ringi, nakaza huku robo, nalegeza kule robo, nazungusha, nasikiliza. Maeve akashuka ukutani akaja kuchuchumaa karibu yangu.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Baba yangu. Rajabu Mhina, fundi baiskeli wa Manundu, Korogwe."

Akaniomba nilirudie jina. Kisha akaomba nimtajie herufi moja moja, nikamtajia, huku nikizungusha gurudumu, nikidhani anataka tu kunituliza.

Tuliondoka pale saa saba na nusu. Nilimweka Maeve mbele yangu ili nilione gurudumu lake, na kila kilima nilisikiliza mlio wake. Lilicheza kidogo, lakini lilizunguka. Saa tisa kasoro dakika tano tukaliona ziwa, na ukingoni zile kuta za kijivu zenye madirisha matupu, watu wamejaa ndani kwenye nyasi, mbingu ndiyo paa. Maeve hakushuka barabarani. Aliingia getini akiwa juu ya baiskeli, watu wakampisha, na mzee mmoja aliyemjua akavua kofia.

Mimi nilikaa pembeni ukutani. Wao walisali kwao, mimi nikamsomea Eamon Fatiha yangu kimya kimya, nikaona hakuna ubaya. Padri alikuwa na vikaratasi vya majina, ambavyo watu walikuwa wameviandika na kumpa wakiingia. Akasoma jina la Eamon, Maeve akainamisha kichwa. Akaendelea mpaka akasita kwenye kikaratasi kimoja, akakisogeza machoni. Kisha akalisoma polepole, kwa ulimi wa kwao, lakini lilikuwa lenyewe: Rajabu Mhina, wa Korogwe.

"Jina hili ni geni kwetu," padri akasema. "Marehemu ni ndugu wa nani?"

Nilisimama, sikuwa na la kufanya. "Si marehemu, Padri. Ni baba yangu. Yuko nyumbani, na saa hizi nadhani anakunywa kahawa."

Watu walicheka, Baba, makaburini. Nami nikataka ardhi inimeze. Lakini Maeve akasimama. Akasema, "Mimi ndiye niliyeliandika. Najua yu hai. Nimeliandika kwa sababu bila mtu huyo leo nisingefika kwa Eamon." Kicheko kikakoma. Padri akavua miwani, akasema, "Basi huyu tumwombee umri mrefu." Watu wote ndani ya zile kuta wakaitikia.

Wewe husema kazi yako ilikufa siku bodaboda zilipojaa mjini. Nakuheshimu, lakini hilo sikubali tena. Nimeona kwa macho yangu ilikofika.

Jioni Fergus alinijia na gurudumu la baiskeli yake mkononi, akaniomba nimfundishe kushika spana ya spoku. Ana miaka sitini na tisa. Nilimkalisha chini kama ulivyokuwa ukinikalisha, na alipokaza kupita kiasi nikamgonga vidole.

Mpe Mama mkono wangu, umwambie nakula vizuri na sabuni yake ya mwarobaini bado ninayo. Msalimie Bibi Handeni, na mtu amfasirie barua hii kwa Kizigua, asikose sehemu ya makaburini. Msalimie Kaka Athumani na shamba lake la Mkata, na Shangazi Mwajuma, ambaye najua ataifungua bahasha kabla yako, nami nimemsamehe. Mfikishie salamu pia mzee wa duka la spea pale mjini aliyekuwa akikuchagulia mipira mizuri.

La mwisho ni hili. Nuala ameniomba niwe naongoza safari zake zote kuanzia sasa, na nyumba ya wazee wamekubali kunipunguzia siku. Anachapisha kijitabu cha wageni, akaniuliza aandike nini chini ya jina langu: kiongozi, mtaalamu, au nini. Nimemwambia aandike "Zaina, fundi, binti wa fundi," naye ameandika hivyo hivyo.

Wako akupendaye na kukuheshimu,
Zaina Rajabu Mhina