Harusi Jumamosi, Nesi Asema Tungoje

Mama Josline mpendwa, wewe unayetujibu gazetini, nishike mkono kabla sijapasuka kwa furaha na woga pamoja, kwa maana tangu Jumanne nacheka na kulia kwa zamu. Naitwa Rejoice, miaka thelathini na sita, mshonaji hapa Gumbo, mjane mwenye binti wa miaka kumi na mmoja, na Jumamosi ya wiki ijayo naolewa na Lubega, Mganda anayeuza vipuri vya pikipiki jirani yangu, mtu anayenichekesha mpaka najidunga sindano. Sasa marehemu mama yangu alifia kambi ya wakimbizi ya Adjumani kwa saratani ya mlango wa kizazi, iligundulika damu ilipokuwa haikatiki tena, nami nikajiambia siingii kwa ndoa mpya na hofu ya zamani, nikavuka daraja mpaka kliniki ya mjini, nesi akanipaka kitu kama siki huko ndani, akamulika taa, akasema, "Rejoice, naona doa jeupe." Mama, nilimwona mama yangu palepale. Lakini akasema, "Tulia, hii si kansa. Ni seli zimeanza kubadilika, zikiachwa miaka zinaweza kuwa kansa. Tunazichoma kwa joto leo hii, unarudi nyumbani kwa miguu yako." Dakika chache, maumivu kama ya hedhi, kalas, imekwisha! Nikamkumbatia mlinzi wa getini nisiyemjua, nikanunua tikitimaji zima, nikalipakata kwenye boda huku naimba, dereva akauliza kama leo ni Krismasi.

Shida ni neno la mwisho la nesi: wiki nne bila kulala na mwanamume, mpaka pale papone. Na Lubega amenisubiri miaka miwili kwa heshima, kama tulivyoahidiana, amenunua kitanda kipana kama uwanja, kila siku ananionyesha picha yake! Tena nesi alisema haya huletwa na kirusi kinachopita kwa kujamiiana, je, hatadhani natembea nje? Rafiki yangu Proscovia anasema, "Nyamaza, sema una malaria." Nifanye nini, Mama?

Rejoice, Gumbo

*

Rejoice binti yangu,

Nimepiga vigelegele hapa ofisini mpaka mhariri amefunga mlango wake. Umeikuta saratani ikiwa bado haijazaliwa, ukaifukuza, ukala na tikiti!

Lakini malaria ya wiki nne? Lubega atakubeba mbiombio hospitalini utundikiwe dripu siku ya tatu ya ndoa. Acha ujinga. Na huyo Proscovia anayegawa ushauri, yeye amepimwa lini?

Kirusi hicho wengi wetu hukutana nacho, na kinaweza kukaa kimya miaka mingi, pengine tangu ndoa yako ya kwanza. Hakimwambii mtu nani alitembea wapi. Ukihesabu tangu Jumanne ile, baada ya harusi zinabaki siku kumi na saba tu. Mwambie leo, mchana, mkiwa mmekaa, na akiwa na maswali mpeleke kwa nesi yuleyule. Pimeni na virusi vya UKIMWI wote wawili. Ukitoka damu nyingi, ukipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, rudi kliniki bila kungoja. Hata ukijisikia mzima kama chuma, baada ya mwaka urudi kuangaliwa. Na binti yako yuko kwenye umri wa chanjo ya kirusi hicho, ulizia kliniki kama ipo.

Wasomaji wangu, kabla gazeti halijachapwa nilimpigia Rejoice simu. Alikuwa amemwambia Lubega, palepale dukani kwake. Lubega aliweka chini mnyororo wa pikipiki, akacheka mpaka wateja wakageuka. "Mimi nilifikiri unataka kusema harusi imekufa! Wiki nne? Mimi iko hapa, naenda wapi?"

Halafu, Rejoice akanieleza, Lubega akapunguza sauti. "Dada yangu anatoka damu miezi mitatu sasa. Anasema ni uchovu. Harusi ikiisha, unaweza kumpeleka?"

Hapana, Rejoice, si baada ya harusi. Harusi isingoje, na dada asingoje. Mpeleke kesho asubuhi, uingie naye ndani, umshike mkono.