Lebo Mbili Zilizobanduka

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi huku hatujambo, ila mimi nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Kwenye simu sauti hunikwama, ndiyo maana naandika.

Wiki ile ya mwisho niliyokusaidia maabara, nilitoa trei ya vichupa vya damu kwenye friza nikaiacha mezani kupita kiasi. Barafu ikayeyuka, lebo mbili zikabanduka. Ulinifundisha: lebo ikibanduka, kichupa kinakwenda kwenye kisanduku chekundu, na mimi nakuja kukuambia. Nilikuja. Ulikuwa na wageni watatu wenye vikombe vya chai, na wote wakanigeukia. Aibu ikanishika. Nikarudi nikazibandika kwa kubahatisha. Namba 88 na namba 112.

Jana baba alikuweka kwenye spika tukiwa tunakula. Nikakusikia ukisema mgonjwa wako wa 88, aliyepona homa ya ini miaka sita iliyopita, virusi vimemrudia. Kwamba dawa uliyoifuatilia muda wote huo huenda haifai. Kwamba mgonjwa huyo ameanza kugawa vitu vyake. Kijiko kikanidondoka. Namjua 88. Ni yule fundi cherehani aliyesema atanishonea gauni lenye mifuko mikubwa ya kujifichia.

Shangazi, nisamehe.

Mtoto wa kaka yako,
Konokono


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Je, barua yangu ilifika? Kila simu ikilia natoka nje. Baba anasema siku hizi huongei, unajibu "mm" tu. Kama umenikasirikia, bora uniambie.

Mtoto wako,
Konokono


21 Machi

Konokono wangu,

Marahaba. Mimi mzima, usingizi ndio umerudi juzi. Nyumbani wote salama?

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, mkoba bado begani. Nilikasirika, nisikudanganye. Kisha tukawaita wote wawili, 88 na 112, tukawatoa damu upya. Sikutaka kukuandikia kabla ya kujua.

Fundi hana hata chembe ya virusi. Dawa inafanya kazi, mwanangu! Nilipomwambia, akauliza, "Kwa hiyo daktari, sifi?" Nikasema, "Hufi kwa hili." Akaruka kitini: "Basi niache nikimbie, shemeji yangu keshachukua cherehani ya kudarizi!"

112 ni mama mmoja tuliyemwambia hana tatizo. Virusi anavyo yeye. Nilimwomba radhi, na ameanza dawa Jumatatu. Tumewahi. Ungekaa kimya mwaka mzima, ningekuwa naandika mengine.

Kosa nimeliingiza kwenye daftari letu la makosa, na mahali pa jina la aliyekosea nimeandika "msaidizi" tu. Usiogope, daftari hilo ni nene na mwandiko mwingi ni wangu. Mwaka wangu wa kwanza nilichomoa waya wa friza nzima ili nichaji simu. Nami nilikaa kimya siku mbili, tena bila wageni wa kusingizia.

Siku nyingine wakatize wageni. Wamekuja kunywa chai, hawajaja kukutazama wewe.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole na kazi. Sisi wazima, mimi hasa.

Barua yako niliisomea chooni, mlango nimeufunga, nikacheka ile ya simu mpaka mama akagonga kuuliza kama naumwa. Halafu nikalia kidogo, ila si kwa huzuni. Yule mama wa 112, akija tena, naomba nije nimwombe radhi mwenyewe. Na pale kwenye daftari futa "msaidizi", andika "mtoto wa kaka yangu".

Gauni limefika. Fundi hakutania: kila mfuko unameza mkono wangu mpaka kiwiko. Kwenye mfuko wa kulia nimeweka fomu ya chuo, kozi ya maabara. Nimeijaza kwa wino, na kesho naipeleka mwenyewe kwenye dirisha la chuo, hata kama pana foleni na watu watanigeukia.

Baba anawaambia majirani nitatafutiwa kazi ya kupanga mafaili, kwenye chumba kisicho na watu. Sitaki kubishana naye kabla chuo hakijajibu. Kwa hiyo habari ya fomu ibaki kwangu na kwako tu, Shangazi. Na akipiga simu akakuweka kwenye spika, tafadhali zungumza habari za mvua.

Mtoto wa kaka yako,
Konokono