Kaburi la Mwanzilishi wa Tuttle Fork

Jumamosi, 18 Mei 1974
Barua ya kaunti imefika. Eti Tuttle Fork si mji — hatuna meya, hatuna posta tangu '58 — kwa hiyo kibao chetu cha barabarani kitang'olewa, tuhesabiwe kuwa watu wa Harmon. Harmon! Wale tunaowachapa besiboli kila kiangazi! Tutapona tu tukitoa historia yetu. Bibi yangu, Verlene, kaniteua niiandike. Shule niliiacha darasa la tisa, lakini kwa nyumba hizi kumi na moja mimi ndiye profesa.

Jumatatu, 20 Mei
Wazee wamenichosha. Bibi anasema mwanzilishi, Ezra Tuttle, alijenga kinu cha mahindi. Jirani yetu, Mzee Orbie, anasema kilikuwa kiwanda cha mbao, bibi yangu anaota. Kila mmoja anadai Ezra ni babu yake. Wanakubaliana juu ya kaburi tu: lile jiwe lililoota kuvumwani, ule ukoga wa kijani, tunalolipamba maua kila Mei. Hakuna aliyewahi kulisugua. Mwiko, eti.

Alhamisi, 23 Mei
Nimelisugua.
“Lemuel Gantz wa Harmon, muuza cherehani. Aliugua akipita njia. 1889.”
Miaka yote hii tunampa maua mchuuzi wa Harmon!

Ijumaa, 24 Mei
Nimemwambia Bibi. Hakuacha hata kusukuma unga wa pai.
“Nani kakutuma kusoma?”
Nikasema nimetumwa kuandika historia.
“Basi andika. Usisome.”
Mzee Orbie akashauri jiwe lipakwe maziwa mgando, kuvumwani irudi. Nimepaka. Itachukua miezi — na mtu wa kaunti anakuja Jumapili kuikagua historia yetu! Akili gani hizi?

Jumapili, 26 Mei
Siku ya kupamba makaburi. Watu arobaini, kuku wa kukaanga, jiwe linanuka maziwa. Mama Pruitt wa kaunti kasoma kurasa zangu za Ezra, kazisifu. (Nani asingezisifu?) Sasa anataka picha ya jiwe, jina lionekane. Bibi akalifunika kwa maua yote. Mama Pruitt akaniomba niyasogeze. Hapo Mzee Orbie akaketi kaburini na suti yake, mgongo kwenye jiwe, eti magoti yanamuuma. Bibi akaketi naye, bega kwa bega.
Mama Pruitt kasema wapumzike tu, yeye hana haraka. Kavuta kiti. Robo saa sasa. Nzi wameyafuata maziwa. Bibi hapungi hata mmoja, ananikodolea macho tu, niendelee kuandika —