Mguu wangu kwenye paa la mpira

Shosti, nimetoboa paa la gari la watu. Kwa mguu.

Lile gari la kulala, lenye kitanda na jiko ndani, nililokwambia nataka kununua. Muuzaji kaniapia paa la mpira halivuji, eti lile gari la pembeni lenye paa gumu la faibaglasi ni mbwembwe tu. Nikaomba ngazi. Akacheka, "Mama, mlete shemeji apande."

Mlete shemeji. Mimi, fundi wa mapaa miaka kumi na miwili.

Nikapanda. Hatua ya tatu, mguu ukazama mpaka gotini. Mbao chini ya mpira zimeoza, laini kama mkate uliolowa.

Akafoka, "Umeharibu, utanunua." Nikamjibu nikiwa bado nimenasa: "Sinunui. Na sishuki mpaka wateja wako wote waje waone."

Wamekuja. Wameona.

Sasa hivi niko juu ya lile la faibaglasi. Ngazi kaishika yeye.