Mara Tatu Ambazo Hatukwenda

Jumatatu, 9 Juni
Pamba tangu asubuhi. Vidole vimechanika. Jirani yangu Masanja amepita na baiskeli, madumu manne ya maji, anampelekea bibi yetu wa mtaa, Mayu Kabula, kama kila siku. Anasema bibi hana nguvu wiki hii. Nikasema nitapita. Nikamwalika kanisani, akacheka. Miaka kumi na moja namwalika mtu huyu! Hajabatizwa, kwa waganga haendi, hasali popote. Anasema hajui kama Mungu yupo na hana haraka ya kujua. Ananikera. Hasemi uongo, hapigi mke, hanywi. Angekuwa mlevi ingekuwa nafuu kwangu.

Jumanne, 10 Juni
Sikupita. Kikao cha wazee wa kanisa kimekula siku. Saa nzima tumebishania rangi ya vitambaa vya mimbari. Mimi ndiye katibu, nimeandika yote.

Jumatano, 11 Juni
Mayu Kabula amefariki alfajiri. Masanja amemkuta alipopeleka maji. Marehemu alikuwa amekaa chini, kando ya kitanda cha Mayu Minza, mke mwenza wake. Minza amepooza, miaka mitatu sasa. Mume wao alikufa zamani. Wanawake hawa waligombana ujana wao wote, mtaa mzima unajua. Halafu Kabula akamlisha mwenzake, akamwosha, akamgeuza usiku na mchana asipate vidonda. Ndiyo maana kanisani hatukumwona. Kila Jumapili niliandika "hayupo". Sababu niliijua. Niliandika tu.

Alhamisi, 12 Juni
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mchungaji amekataa kumzika. Eti taratibu: asiyehudhuria miaka mitatu si mshirika tena. Nikawaambia yeye na wazee: taratibu hizo hizo zinataka wazee wamtembelee kwanza, mara tatu. Kisha mwenyekiti wetu, Mzee Yohana, akanivuta pembeni.

"Mama Neema, andika kwamba tulikwenda."

"Hatukwenda, mzee."

"Najua. Andika tu, tulinde kanisa. Tukimzika huyu, kesho kila mtu atakaa nyumbani kwake."

Mtu anayefunga kila Ijumaa. Anayelia akisali. Ananiambia niseme uongo na uso wake haubadiliki! Kanisa la kulindwa kwa uongo wangu ni kanisa gani?

Kinachoniudhi zaidi: niliandika. Barua ya mistari sita, mwandiko safi, siku tatu za kubuni. Nikaiweka barua mezani, nikapeleka uji kwa Minza. Mara yangu ya kwanza tangu apooze. Nikamkuta Masanja anafua mashuka ya mgonjwa. Akaniuliza mazishi ni saa ngapi. Nikashika ncha ya shuka, nikamsaidia kukamua.

Nimerudi, nimeichana. Nimeandika nyingine: hatukumtembelea hata mara moja, na mimi katibu nilijua kwa nini haji, nikanyamaza. Nimempelekea mchungaji mwenyewe, mkononi.

Ijumaa, 13 Juni
Saa tatu asubuhi wamenivua ukatibu. Sawa.

Mchungaji hakuja mazishini. Yohana hakuja. Kwaya imekatazwa, wanne wamekuja hivyo hivyo, bila sare. Masanja na wanaume wa mtaa wamechimba kaburi uani kwa marehemu. Binti yake amefika kutoka Bukundi na vumbi la safari usoni, anauliza mchungaji yuko wapi. Watu wote wakanitazama mimi. Masanja akanisogelea.

"Mama Neema, sali wewe."

Nikamjibu kwa ukali. "Wewe huamini. Sala unaitakia nini?"

"Si yangu mimi. Ni yake. Yeye aliamini."

Nimesali. Vibaya. Katikati maneno yalinipotea, nikaanza kumwomba marehemu msamaha mbele ya watu. Hakuna aliyenikatiza. Masanja alivua kofia, akainamisha kichwa mpaka nilipomaliza.

Jumamosi, 14 Juni
Hasira bado. Kwa mchungaji. Kwa Yohana. Kwa Mungu pia, kidogo, kwa kutuachia jina lake watu kama sisi. Shambani nimejaribu kuacha kuamini. Nimeshindwa. Ila siku zote nilidhani imani ndiyo inayonifanya mtu mwema, nikamhurumia Masanja aliyeikosa. Wiki hii nimeona nani ndiye mwema. Sijui niiweke wapi habari hiyo.

Binti anarudi Bukundi, ana watoto wadogo. Minza hataki kuhama nyumba yake. Tumegawana: Masanja na mkewe asubuhi, mimi mchana na jioni.

Jumapili, 15 Juni
Nimekwenda ibadani. Kiti cha nyuma. Nimeimba. Wachache wamenisalimia.

Baadaye kwa Minza. Amekula ugali laini na mlenda, vijiko vingi kuliko jana. Nilipomgeuza akaguna.

"Ng'wanone, mwanangu, unanigeuza kama gogo. Masanja ana mikono laini kuliko wewe."

Nimecheka. Naye akacheka, upande mmoja wa mdomo. Nikamwomba anifundishe. Mkono mmoja begani, mwingine nyongani, na usivute, subiri mwili ufuate.

Nikajaribu tena, polepole. Safari hii hakuguna.